Mama mkwe anataka kuku anayemtagia mwanangu

Admin, jina langu lifiche. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nina watoto watatu. Shule niliishia darasa la saba kwa hiyo mtanisamehe maneno yasipopangika. Nimeolewa huku milimani Mbinga kwa wakulima wa kahawa, ila kwetu ni ziwani Nyasa, upande wa Kihagara. Nina hasira, na naandika nayo hivyo hivyo.

Binti yangu wa mwisho anaelekea miaka miwili na uzito haupandi. Kila tukienda kliniki nesi akitazama mzani anampima tena mara ya pili, na mimi nimeshajua maana yake. Safari ya mwisho akaniuliza, "Mama, nyumbani mnafuga kuku?" Nikasema tunao. "Basi yai usiuze wala usimwekee mgeni. Likipatikana ni la huyu." Nilirudi nyumbani natembea kama nimepewa zawadi, maana kuku ni wangu. Mama yangu mzazi aliniletea nilipojifungua huyu mtoto, akapanda nao gari wakiwa kwenye tenga kutoka ziwani.

Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipita ukafagia banda. Nikabaki na jogoo na mitetea wawili, mmoja analalia mayai na mwingine, mweusi, ndiye anataga. Huyu mweusi anataga humo humo mwenzake anamolalia, hakubali pengine. Kwa hiyo mayai ya kulaliwa niliyachora mkaa. Asubuhi namnyanyua mama kuku, yai lisilo na alama najua ni jipya, nachemsha, naliponda kwenye uji wa mtoto. Akaanza kuchangamka jamani, mpaka akawa anamkimbiza jogoo uani.

Halafu mayai yakakatika. Kila nikimnyanyua kuku, yote yana mkaa. Nikajua mweusi ameacha kutaga. Nikamuongezea pumba, nikamchimbia mchwa, wapi. Mtoto akarudi kwenye uji mtupu na mashavu yakaanza kushuka tena.

Kumbe. Juzi mume wangu na kaka yake wametoka kuchuma kahawa, mama mkwe akawatengea mayai ya kuchemsha, maganda yana mkaa. Nikashtuka, nikasema, "Mama, hayo si yanayolaliwa? Mtakuta vifaranga humo."

Akajibu bila kunitazama, "Haya ni ya jana na leo. Alama nimechora mimi, usiyachukue."

Nikauliza kwa nini. Akasema, "Unaniharibia mjukuu. Mtoto hajajua kusema unamlisha yai, ulimi utakuwa mzito mpaka uzeeni. Si unaona mpaka leo anaita mama tu?"

Shemeji akacheka, "Shemeji, nyie wa ziwani mnakula chochote kinachopita." Mume wangu yeye anamenya yai lake. Mtoto amesimama magotini kwake kanyoosha mkono, baba mtu akausogeza ule mkono kama anafukuza nzi. Sitasahau.

Mama mkwe hakuishia hapo. "Hawa niliwalea bila yai, na watazame walivyo."

Mdomo wangu ukatangulia. Nikasema, "Na wale mliowazika kule juu kwenye migomba, mama, wao walikula mayai?"

Mama mkwe akajifunika kanga kichwani akaingia ndani. Najua ni neno zito, wale ni watoto wake na alilia sana, hata mimi roho iliniuma nilipomuona mgongo wake ule. Lakini sikusema uongo, na mwanangu sitaki alale pale nao.

Ukoo ukakaa. Wakasema nipige magoti na nipeleke kuku wa kuomba radhi, ndivyo ilivyo huku, na mimi sikubisha. Nikachukua jogoo mkubwa, nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo mama, nimekukosea." Akamtazama jogoo. "Huyu kaa naye. Nataka yule mweusi."

"Mama, yule ndiye anayetaga."

"Najua anataga. Ndiyo maana namtaka."

Nikamgeukia mume wangu nikidhani atasema neno. Akasema, "Mpe. Kuku ni kuku. Au kwako ana thamani kuliko mama yangu?" Nikamuuliza, na mtoto wako? "Mbona wengine wamekua." Basi. Nimepewa mpaka Jumapili baada ya misa. Nisipomtoa mweusi, nifungashe nirudi ziwani na huyu mdogo, wakubwa wabaki kwa ukoo wao.

Msiniambie ninunue mayai, pesa ya kahawa anashika mume wangu na hata chumvi naomba. Wala msiniambie nivumilie, hilo padri ameshaniambia. Mzani wa kliniki hausomi uvumilivu wangu.

Sasa hivi mweusi nimemfungia chumbani, chini ya kitanda. Leo ametaga. Nimemlisha mtoto mwenyewe, amekula mpaka amelamba vidole vyangu. Dada zake walikuwa mlangoni wanatazama, hawakuomba hata kidogo. Yule mkubwa akaniuliza polepole, "Mama, ukienda Nyasa, nani atatusuka?" Nikajifanya natafuta kijiko.

Ninyi kina mama mnaosoma hapa, na kina baba wenye huruma, semeni nami. Nimtoe kuku nibaki na wanangu wote huku huyu mdogo anapungua nikimuona, au nimwokoe mmoja niwaache wawili? Nitasoma kila mtakachoandika, hata matusi. Andikeni kabla ya Jumapili.