Seva Iliyochomolewa Kabla ya Sala

Hadi leo nikiona watu wamefumba macho wakisali, uso hunichoma kwa aibu, na msianze kunicheka mapema, maana huko mwisho hakuna cha kuchekesha.

Nilikuwa fundi wa mtandao katika chuo kimoja cha ufundi Meru, mimi mtu wa Manyatta kule Embu (mwenzangu Murithi hakuniacha nisahau), nikapewa kazi ya kuweka seva ya pili ya DHCP. Hiyo ndiyo mashine inayogawia kila kompyuta anwani, na bila anwani kompyuta haifiki popote mtandaoni, kwa hivyo tulitaka seva moja ikizimika nyingine ishike kazi. Mtandao wetu ulikuwa umegawanywa vipande, cha ofisi, cha maktaba na cha maabara ya kompyuta, na kila kipande kilipaswa kuelekezwa kwa seva zote mbili.

"Wewe mtu wa Embu, umejaribu vipande vyote?" Murithi aliniuliza.

"Nimejaribu ofisi. Kwani hivyo vingine vina tofauti gani?"

"Jaribu tu, bwana. Ndivyo hufanywa."

Sasa mimi ukiniambia "ndivyo hufanywa" umeniharibia siku (nimebishana na wahadhiri, na hata na mamangu), nikaona hiyo si sababu, nikafunga laptopu nikaenda chai. Kumbe maabara sikuwa nimeielekeza kwa seva ya pili. Tena wakati wa majaribio nilikuwa nimeweka anwani ziishe muda baada ya dakika chache tu, nisichoke kungoja, na sikurudisha muda wa kawaida.

Siku ya uzinduzi ikafika (mkuu wetu wa chuo angezindua hata ufagio), bodi wakaja, wazazi wakaja, pasta akaja. Asubuhi hiyo Kendi, msichana wa Mitunguu aliyekuwa anarudia mtihani wake wa mwisho kwenye kompyuta za maabara, alinisimamisha mlangoni. "Injinia, mtandao usituangushe leo, tafadhali. Kuna kazi Embu, wananingojea niwapelekee cheti."

"Leo hata seva ikifa hamtajua," nikamwambia.

Mkuu akasema, "Kijana, zima moja tuone." Nikachomoa waya wa seva ya kwanza, kompyuta ya ofisi ikawashwa upya na mtandao ukaja, watu wakapiga makofi. Pasta akasema hatuwezi kuendelea bila kuiombea mashine.

Mimi huwa sifumbi macho kwenye sala. Kwa hivyo ni mimi peke yangu niliyeona, kupitia dirisha, Kendi akisimama kule maabara na kuinua mkono, kisha wenzake, kisha msimamizi akitoka mlangoni akiangaza macho huku na huku. Nikaelewa: anwani za maabara zilikuwa zimeisha muda, na seva ya pili haikuwa na za kuwapa. Waya ulikuwa karibu na mguu wangu, nikaanza kuinama polepole, na mkuu (kumbe naye alikuwa amefumbua jicho moja) akanibana bega.

"Heshima, kijana," akaninong'oneza.

Nikanyooka, waya nikauacha chini. Pasta alikuwa amefika kwenye kuombea waya, kisha umeme, kisha serikali.

Amina ilipokuja nikachomeka, lakini seva nayo ikachukua muda wake kuamka, na mtihani ukajifunga wenyewe, ule mfumo haufunguki mara mbili. Wanafunzi wakatoka hadi uani, palepale wageni walipokuwa wakigawiwa soda.

"Injinia, umetufanya nini?" Kendi akauliza.

"Mjibu mtoto," mkuu akasema.

"Maabara sikuijaribu," nikasema.

Tuliomba wafunguliwe tena, tukakataliwa. Kendi alirudi Mitunguu kungoja mtihani mwingine, na kazi ya Embu akapewa mtu mwingine. Murithi hanitanii tena, ananiita kwa jina langu, kwa adabu, na hilo ndilo huniuma zaidi.

Bado nauliza kwa nini, siwezi kuacha. Lakini sasa najaribu kila kipande, na siku nyingine nikiona jambo huku wengine wamefumba macho, nitapiga kelele kabla ya Amina, wanifukuze wakitaka.