Daktari Tuliyempeleleza Kama Mchumba

Mizani ya kliniki ilifika mwisho kabla yangu. Mshale ulikwenda hadi namba ya mwisho ukagota hapo, na muuguzi, binti mwenye adabu zake, akasema, "Mama, mizani yetu ina hitilafu kidogo." Nilijua hitilafu iko upande gani. Shangazi, aliyekuwa amenisindikiza, hakuwa na subira na adabu hizo. Alinitoa pale, tukapanda bajaji hadi kwa mnunuzi wa mbaazi anayemfahamu, akanisimamisha juu ya mizani ya magunia mbele ya wapakiaji watatu.

"Gunia moja na debe mbili," akatangaza.

Wapakiaji walicheka. Nami nikacheka, maana mwenye duka la vitenge sokoni Babati hawezi kulia mbele ya watu ambao kesho wake zao watakuja kununua doti. Tukiwa njiani kurudi, Shangazi hakucheka tena.

"Mama yako alikuwa gunia moja tu," alisema. "Na tulimzika."

Mama alikufa kwa kisukari akiwa na miaka arobaini na minane, na mguu wake mmoja ulimtangulia. Mimi siku ile ya mizani nilikuwa na arobaini na minne. Nilikuwa na sukari ileile, presha juu yake, na nilikuwa nalala nimekaa, nimeegemea mito mitatu, kwa sababu nikilala chali nilikosa pumzi. Binti yangu wa miaka kumi na miwili alikuwa amejizoesha kunigusa bega kila alfajiri kabla hajaenda shule. Hakusema kwa nini, nami sikumuuliza.

Daktari wetu wa hapa mjini ndiye aliyenieleza kwamba kuna upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Wanakata sehemu kubwa, unabaki na kipande chembamba. Akanitajia madaktari bingwa wawili, wote wa Dar es Salaam, akasema, "Nenda ukawaone, kisha uchague mwenyewe."

Nichague! Mimi naweza kukuchagulia kitenge nikiwa nimefumba macho, kwa kukisugua tu kati ya vidole viwili. Daktari sikuwahi kumchagua. Kwetu unaenda hospitali, utakayemkuta zamu ndiye wako, na kumuuliza habari za kazi yake ni kumkosea heshima. Tunamhoji muuza perege mpaka atuonyeshe mashavu ya samaki, halafu tunalala mbele ya mtu mwenye kisu bila hata kumuuliza amepasua wangapi.

Tulisafiri na Shangazi, tukafikia kwa mdogo wangu wa kiume. Daktari wa kwanza alikuwa na ofisi ya baridi na maneno matamu. Alinionyesha kwenye simu picha za wanawake kabla na baada. Alisema wiki mbili zinatosha kujiandaa, na kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi kupata tatizo. "Mama, utarudi Babati wasikutambue," aliniambia. Nisidanganye, nilimpenda. Mimi ni mfanyabiashara, najua kumheshimu mtu anayejua kuuza. Nilitoka mle ndani nikiwa nimeshajiona nimevaa gauni la mshono wa kubana.

Daktari wa pili alikuwa mwembamba, mpole, wa maneno ya kuhesabu. Aliniuliza mambo ya usingizi wangu, ya mama yangu, ya ninachokula nikiwa na hasira. Mwisho akasema hawezi kunipasua kabla ya miezi sita. Nitembee kila siku, nishushe sukari, nikutane na mtaalamu wa lishe, nizungumze na mshauri, ndipo tutaona. Nilitoka nimenuna. Nimetoka Manyara na magoti haya, halafu mtu ananiambia nikatembee!

"Ni yule wa kwanza," nikamwambia Shangazi.

"Huyo tumemsikia yeye," alijibu. "Wanaomzunguka nani amewasikia?"

Hapa lazima nimweleze Shangazi. Ni dada mkubwa wa baba yangu, mkulima wa mbaazi na mahindi kule Singe, amepita miaka sabini na bado anapalilia mwenyewe. Katika ukoo wetu hakuna binti aliyeolewa bila yeye kwenda kupeleleza kwanza. Posa ikija, Shangazi hufunga safari hadi kijiji cha mchumba, akajifanya anatafuta mbegu au anamsubiri ndugu, akakaa. Haendi kwa wazazi wa kijana, kwa sababu wazazi watamsifu. Huenda kisimani, mashineni, kwa jirani aliyepakana nao shamba. Anauliza habari za mvua, na anarudi anajua ni nani katika nyumba ile anayepiga mke. Nilipoolewa mimi nilimpuuza, nikasema mambo ya kizamani hayo. Ndoa ile ilidumu miaka minne, na Shangazi hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Kwa hilo peke yake ningemjengea sanamu.

Basi alikaa hospitali ya kwanza siku mbili, na ya pili siku mbili, kwenye mabenchi ya wagonjwa, na mfuko wake wa mbaazi mapajani. Mimi nilibaki kwa mdogo wangu nikifa kwa aibu. Nilimwambia daktari si mchumba. Alinitazama akasema, "Mchumba huwa hakufungui tumbo umelala."

Siku ya tano alinipa taarifa yake. Kule kwa wa kwanza, wanawake aliozungumza nao walimsifu sana daktari, ila kila aliyerudi kwa maumivu au kutapika alikuwa amehudumiwa na mtu mwingine. Baada ya kupasuliwa hawakumwona tena. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Sisemi ni mbaya. Nasema ametembezwa mno."

Kule kwa wa pili alifanya urafiki na mama anayefanya usafi wodini. Mama huyo alimwambia daktari huyu hufika asubuhi kabla hajanywa chai, akapita kitanda kwa kitanda, akiwafunua mwenyewe aliowapasua. Anamsalimia shikamoo hata yeye mwenye ndoo na dekio.

"Kuna jingine," Shangazi akasema. "Aliwahi kufiwa na mgonjwa. Mwanamke, kwa upasuaji huuhuu. Na alikwenda kwenye maziko, akakaa na wafiwa."

Nilishtuka. "Amefiwa, halafu ndiye unayenipeleka kwake?"

"Mwanangu, miaka yote ninayopeleleza, nyumba ninayoikimbia ni ile inayosema haijawahi kupata shida. Huyu shida imempata na watu wanajua alipokuwa."

Nilibishana naye siku nzima, kwa sauti, mpaka mdogo wangu akatoka kwenda kutembea. Mwishowe nilikubali, nusu kwa kushawishika na nusu kwa kuchoka.

Miezi ile sita ilikuwa kazi. Nilitembea kutoka nyumbani Nakwa hadi dukani, mwanzoni nikipumzika mara tano, na bodaboda wa kijiweni wakaanza kunihesabia. "Mama leo mara tatu tu, unatisha!" Niliwatukana, lakini nilifurahi. Sukari ilishuka. Nilijifunza kutafuna taratibu, mimi ambaye nilikuwa nameza kama nakimbizwa. Shangazi aliacha shamba lake kwa wanawe akahamia kwangu kwa zile wiki mbili za mwisho, ambazo nilitakiwa kunywa tu: supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta, maji. Daktari alieleza sababu vizuri kabisa. Ini la mtu mnene nalo hunenepa, linalala juu ya mfuko wa chakula, na mgonjwa asipolipunguza, daktari anapasua bila kuona vizuri.

Sasa kwetu mtu anayekwenda kupasuliwa haachwi aondoke na njaa. Habari zilipoenea, watu walianza kuja na mahotipoti. Shangazi alisimama mlangoni akayapokea yote kwa shukrani na heshima, akasema mgonjwa amelala, akala yeye. Sijui alikuwa anayaweka wapi, maana alibaki mwembamba vilevile. Alilinda mlango ule kuliko askari wa benki.

Lakini hakulinda duka. Jirani yangu wa duka, Mwislamu mwenye roho nzuri ambaye tumeazimana chenji miaka kumi, alinisomea dua pamoja na familia yake, kisha sinia la pilau likatua mbele yangu. Ningesemaje? Kesho yake wenzangu wa sokoni wakaniita niende kula ugali na kambare, wa kuniaga. Keshokutwa yake wakaja wa kwaya na makande. Nilikula kwa adabu, na nilikula kwa uroho pia. Nyumbani nilimwambia Shangazi nimeshiba maji.

Siku moja kabla ya upasuaji tulikuwa ofisini kwa daktari huko Dar. Alimwamkia Shangazi, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akasoma majibu yangu kwa muda mrefu.

"Sukari imepanda tena. Ulifuata utaratibu wa wiki mbili?"

"Nimefuata, daktari," nikasema, uso mkavu kabisa.

Kisha akamgeukia Shangazi, akamuuliza kama ana swali lolote.

"Ninalo moja," Shangazi akasema. "Yule mama aliyekufia mikononi, ilikuwaje?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakuna mtu anayemuuliza daktari hivyo, na zaidi ya yote si siku moja kabla. Daktari aliweka kalamu mezani. Hakukasirika. Alisema alikuwa mama wa umri kama wangu. Mshono ulivuja ndani siku ya tatu. Yeye aliletewa taarifa kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, akaziamini, akaja kumwona jioni badala ya asubuhi. "Ningekuja asubuhi, pengine angepona," alisema. "Tangu hapo siamini taarifa. Nakuja mwenyewe."

Alisema hayo mbele ya mkulima wa Singe na muuza vitenge, mtu mwenye vyeti vyake vyote ukutani. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye dakika ile. Amenipa aibu yake mkononi, na mimi nimemficha sinia la pilau.

"Daktari," nikasema, "nilikula."

"Ulikula nini?"

Nikamtajia yote, pilau, kambare, makande, na andazi moja ambalo hata sijalitaja hapa. Shangazi alinigeukia taratibu. Daktari aliandika, akanipeleka kwenye kipimo cha picha, akalitazama ini langu, akarudi akakaa.

"Kesho sikupasui," alisema. "Rudi nyumbani, anza upya zile wiki mbili. Chumba cha upasuaji nimeshakipanga na watu wangu wapo, ila sikupasui. Na asante kwa kuniambia."

Nilipasuliwa mwezi uliofuata. Asubuhi ya kwanza, kabla ya chai, aliyefunua shuka alikuwa yeye mwenyewe, na ya pili, na ya tatu alikuja mara mbili. Hayo nayasimulia kila siku dukani mpaka wateja wamechoka. Ila yaliyotokea siku ile aliyonikatalia, baada ya kutoka ofisini kwake, sijawahi kumsimulia mtu.

Tuliketi kwenye benchi nje ya geti. Nilikuwa nalia kwa hasira ya kujikasirikia. Shangazi alinyanyuka, akaenda kwa mama anayeuza chai, akarudi na kikombe cha chai iliyojaa sukari na andazi la moto kwenye karatasi. Akaninyooshea, kama alivyoninyooshea maisha yangu yote kila nilipolia.

Kisha akautazama mkono wake.

"Mama yako nilimpelekea uji wa sukari hadi wiki ile ya mwisho," alisema. "Kila siku, kutoka Singe kwa miguu. Anakunywa wote, ananishukuru. Nikawa nawaambia watu, wifi yangu anapata nafuu, ana hamu ya kula. Kumbe alikuwa ananionea haya. Alishindwa kunikatalia mimi."

Chai ilikuwa inamwagika kidogo kwenye vidole vyake, na hakuondoa mkono.

"Kataa," akaniambia.

"Shangazi..."

"Nimekwambia kataa."

"Sitaki, Shangazi."

"Sema tena."

"Sitaki."

Akaweka kikombe na andazi chini, karibu na miguu yake. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili, machozi yakimtoka bila kuyafuta, akasema, "Asante, mwanangu."