Ng'ombe Tisa wa Darasa la Pili

Jamani, kufundisha hesabu za kutoa kwa vizibo vya soda nilichoka. Watoto wa darasa la pili walivitia mfukoni, wengine mdomoni, na hesabu haikuingia. Shule yetu ilipakana na mashamba ya ngano ya serikali, huku uwandani Hanang, na kwenye mtaro uliochimbwa na matrekta udongo wa kufinyangia ulikuwa bwerere. Nikasema haya, tufinyange ng'ombe. Tukachanganya na mabua ya ngano ili usipasuke. Mimi, mtoto wa wakulima wa milimani Mbulu, nikafinyanga wangu tisa wa mfano, wote sawasawa. Nilijiona fundi kweli.

Binti mmoja wa wafugaji akawatazama, akacheka mpaka akaziba mdomo.

"Mwalimu, hawa ni ng'ombe wa nani?"

Kwao hakuna ng'ombe hivihivi tu. Akaanza kunirekebishia: huyu akampaka majivu, yule mkaa, mwingine akamkunja pembe. Nilinuna, lakini nikamwacha.

"Haya, una ng'ombe tisa. Ukiuza watatu, wanabaki wangapi?"

"Tisa."

"Tisa kivipi?"

"Huyu ana mimba. Huyu ni wa bibi. Huyu ndiye anatupa maziwa. Hawauzwi, mwalimu."

Darasa zima likamuunga mkono! Hasira zikanipanda, kisha kicheko kikanishinda. Nikabadilisha swali: tisa wamekwenda malishoni, watatu hawajarudi. Wakajibu sita kwa pamoja, na nyuso zao zikaingiwa na wasiwasi.

Wiki hiyohiyo baba yake akasimama mlangoni na fimbo yake. Nilijua kilichomleta. Ngano ilikuwa imemeza malisho, ng'ombe wakubwa wakawa wanapelekwa mbali, na nyumbani hakukuwa na mtoto mwingine wa kuchunga ndama. Tena alishamwambia mwalimu mkuu kwamba shule inasahaulisha watoto mifugo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua mtoto."

Yule binti nilimpenda, sifichi. Nikamwonyesha dawati lenye ng'ombe.

Akainama, akawaangalia mmoja mmoja. Akamwambia binti ageukie ukuta, akaficha baadhi ndani ya shuka lake.

"Haya, tazama."

"Wa majivu hayupo," binti akasema papo hapo. "Na mweusi, na yule wa pembe iliyokunjwa."

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi nikaona basi, kwisha: hilo hata nyumbani angelijua, sasa shule imemwongezea nini? Lakini binti akaenda ubaoni bila kutumwa, akachukua chaki, akaandika tisa kutoa tatu, jibu sita.

"Hiyo ni nini?" baba akauliza.

"Ni ng'ombe wetu, baba. Hawa umewaficha. Hawa wamebaki."

Akausogelea ubao, akagusa ile sita kwa kidole, akakitazama kidole chenye chaki. Kisha akawarudisha ng'ombe dawatini, kila mmoja mahali pake.

"Na mtoto, mzee?" nikauliza.

"Mwache asome."

"Na ndama je?"

Watoto wote wakamgeukia mzee. Mtu mzima mwenye mvi zake hachungi ndama, hiyo kila mmoja mle darasani aliijua.

"Nitachunga mimi," akasema, akatoka.