Picha Safi, Mama Hayumo

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Kanda anafungua mfuniko wa deki na kupangusa kichwa cha kusomea kanda kwa kitambaa chenye spiriti. Anapangusa mara tatu. Kwenye kiti cha plastiki pembeni ameketi fundi cherehani, mfuko wa kanda mapajani.

Kwa miaka kumi na minne, mwanamke huyu amekuwa akihamisha kanda za video za majumbani kwenda kwenye kompyuta. Ana deki nne, mbili za kung'olewa vipuri.

Mwaka jana fundi cherehani alimletea kanda moja. Ndani yake, yeye na dada yake, wakiwa wadogo, wanarushiana maji kwenye beseni. Mama yao, ambaye sasa ni marehemu, haonekani hata mara moja, kwa sababu ndiye aliyeshika kamera. Lakini alikuwa akiimba kwa chini, mdomo umefungwa. Sauti yake haipo kwingine kokote.

Mama Kanda hakujua. Alibonyeza kitufe cha kuondoa kelele, kama alivyozoea. Programu ikasikia mvumo nyuma ya watoto, ikaufagia.

"Alirudi baada ya wiki," anasema. "Akaniambia, 'Fundi, picha kali, hongera. Mama yuko wapi?' Nikamuuliza mama yupi. 'Yule anayeimba.' Nikapandisha sauti hadi mwisho. Kimya."

Kanda yenyewe ilikuwa imeshachomwa pamoja na taka. Yeye ndiye aliyeshauri hivyo.

"Kila mteja nilimwambia kanda ni takataka, inafuga ukungu tu. Huyu akatii. Na faili la kwanza, lile ambalo halijasafishwa, nililifuta. Diski ilikuwa imejaa." Anacheka bila furaha. "Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alizaliwa baada ya wiki moja tu."

Fundi cherehani anadakia kutoka kitini: "Mimi nikikosea kukata kitambaa, vipande ninabaki navyo. Wewe vipande vyako viko wapi?"

Mama Kanda anapangusa kichwa cha deki mara ya nne.

Tangu mteja huyo aliporudi, amebadili namna ya kufanya kazi. Kwanza anatoa faili kubwa ambalo halikubanwa liwe dogo wala kusafishwa, katika fomati ambayo programu yoyote inaweza kuifungua, hata ya bure. Saa moja ya kanda hula gigabaiti zaidi ya sabini. Kutoka humo ndipo anatengeneza nakala ndogo ya simu, isiyofika hata gigabaiti moja.

Wateja hawataki kusikia. Dereva mmoja mstaafu anaingia, anaweka kanda mezani.

"Iwe ndogo, mama. Iingie kwenye simu."

"Mzee wangu, nakupa mbili. Kubwa utaiweka kabatini."

"Kubwa ya nini? Nafungua ukumbi wa sinema?"

"Ikishabanwa, kilichotoka hakirudi."

"Mimi mwenyewe nimeshabanwa na maisha, na bado natembea." Anaondoka akicheka. Mama Kanda anaandika "mbili" kwenye kanda yake hata hivyo.

Kisha anapokea kanda iliyo mapajani mwa fundi cherehani. Ni nakala ya ile iliyochomwa, ambayo baba yao aliitengeneza zamani na kumpelekea shangazi. Imepatikana juzi, chini ya kitanda. Hakuna nyingine.

Deki inaimeza. Picha inayumba, inatulia: beseni, maji, watoto wawili wenye meno yaliyopukutika. Fundi cherehani anavaa vifaa vya masikioni. Anasubiri. Anavivua, anavipuliza, anavivaa tena.

Mama Kanda anaangalia mstari wa sauti kwenye kioo. Umelala. Amewahi kuona hili kwenye kanda nyingi za enzi zile: mtu anaunganisha deki mbili kwa waya wa picha, wa sauti anausahau.

"Baba yenu alichomeka waya mmoja," anasema polepole.

"Hata baba." Fundi cherehani anatazama watoto wakicheka bila sauti. "Basi mmesaidiana kumfuta."

Mama Kanda anasema mwezi ujao atanunua diski ya pili, na hatafuta faili kubwa la mtu yeyote kabla ya mwaka mmoja kupita. Ameandika pia fomu mpya ya wateja, na anamwonyesha fundi cherehani. Swali la kwanza linauliza: Nani alishika kamera?

Fundi cherehani analisoma, anarudisha kanda mfukoni.

"Swali zuri," anasema. "Ungeniuliza."