Nilivyomponda Mpiga Besi Mpya

Nichekeni tu. Mimi nisiyetoka nyumbani ila kununua maziwa, nilijifanya jaji wa muziki. Bendi kongwe ya roki tunayoishabikia ilipata mpiga besi mpya. Sura yake hatukuijua, tulisikia rekodi tu, lakini kwa grupu ya mashabiki kwenye simu nikarekodi sauti, nikatuma: “Huyu ni fotokopi ya yule wa zamani! Hana ubunifu hata wa kuchemsha chai!” Wakacheka, nikavimba kichwa.

Nikarudi kupika chai kwa meko ya gesi niliyoazimwa na Ouma, jirani aliyehamia ploti yetu ya vyumba vya kupanga mtaani Gatina jana. Mara nikasikia sauti yangu ikitoka kwa simu yake, ng'ambo ya ukuta wa mabati: “Hata wa kuchemsha chai!” Halafu besi ikanguruma ule wimbo wa rekodi niliyoiponda.

“Jirani!” Ouma akaita. “Chai yako ikichemka, nirudishie meko.”