Vifungo Katika Vikombe Viwili

Mara ngapi nimesema kalamu na mimi hatupatani? Lakini umenishikilia niandike habari za wifi yangu. Haya basi, ila usinisahihishe.

Wifi alishona vifungo miaka thelathini na moja, kwenye kiti chake cha dirishani, katika chumba cha ushonaji chenye wanawake tisa. Siku msimamizi alipostaafu, walisimama watatu kuwania nafasi yake: mkata vitambaa, mdarizi, na wifi. Mkata alishatangaza: akipewa ufunguo wa chumba, ataleta mashine ya vifungo na kile kiti kitoke.

Tukanyoosha mikono. Mkata wanne, mdarizi watatu, wifi wawili, yaani yeye na mimi.

"Leteni ufunguo," mkata akasema, kiganja kiko wazi.

"Ngoja, mwenzangu," wifi akasema. "Wanne wamekutaka. Na sisi watano je?"

"Mmeshindwa kupatana, shauri yenu!"

"Kwani tukichagua uzi, tunatandaza rangi zote kwa mpigo?"

Kweli, hatufanyi hivyo. Rangi nyingi pamoja hudanganya macho. Tunapeleka mbili dirishani, kisha mbili nyingine, mpaka ipatikane isiyoshindwa na yoyote. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyetufundisha, angekataaje? Wifi akaweka vikombe viwili mezani, kila mtu akashika kifungo.

Kwanza mkata na mdarizi. Mimi na wifi tukamwekea mdarizi: tano kwa nne. Mkata akanuna. Kisha mkata na wifi. Watu wa mdarizi wote wakaja kwetu: tano kwa nne tena.

Wakabaki mdarizi na wifi. Hapo wifi akashika ukingo wa meza, maana sasa waamuzi ni watu wa mkata. Mkata akakizungusha kifungo chake weee.

"Mdarizi anipangie kazi, mimi? Bora huyu bibi na sindano yake!"

Ting'! Wenzake wakafuata. Sita kwa tatu.

Wifi akatia ufunguo mfukoni, akarudi kitini.

"Na mashine yangu?" mkata akauliza.

"Ilete, mama. Iweke hapa kando yangu. Shati moja yeye, shati moja mimi, tuone."

Nimemaliza. Sasa wewe uliyenisumbua, niletee hilo shati lako lisilo na kifungo cha shingoni, nimeliona tangu juzi. Uje na nyuzi mbili, nichague.