Mume Wangu Anachagua Mashine ya Kupaka Trekta Rangi, Nami Naomba Akosee

Admin, nifiche jina tafadhali, maana wifi zangu wako humu na hawalali bila kupitia huu ukurasa.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu. Nimeolewa Kisii, kwetu ni Nyamira, na kazi yangu ni kuuza ndizi. Mume wangu, nimwite Baba Kerubo, alikuwa akilima mashamba ya watu kwa trekta kuukuu alilolinunua kabla hata hajanioa. Mwaka juzi alipata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, mdomo ukapinda, akalala hospitalini wiki nyingi bila kumtambua mtu. Leo anatembea kwa fimbo na anaongea polepole. Namshukuru Mungu kwa moyo wote, halafu naenda jikoni nalia.

Tangu aweze kushika simu kwa mkono wa kushoto, anashinda akitazama video za wazungu wanaopaka rangi matrekta ya zamani nyumbani kwao. Ameamua na lake lirudi kuwa jekundu kama zamani. Limesimama nyuma ya nyumba, kule chini kwenye mteremko, limefunikwa turubai. Mteremko huo bado hajaumudu, kwa hiyo anakaa mlango wa jikoni akiangalia pua ya trekta tu. Nikitoka sokoni naulizwa hata sijatua beseni: "Mama Kerubo, tuchukue ile bunduki ndogo ya stima ya kupuliza rangi, ama kompresa?"

Mimi nilianza kwa kumwambia tutumie brashi. Alicheka, mara ya kwanza tangu augue. Akasema, "Trekta si mlango wa choo."

Basi akamwita fundi anayepaka magari mjini. Fundi akaeleza vizuri, yule kijana hana makosa. Alisema bunduki ya stima ni nyepesi na haihitaji kompresa, lakini rangi ya trekta ni nzito, itabidi utie thina mpaka iwe kama uji wa mgonjwa, na ikifika kwenye bati itachuruzika. Kompresa ndogo za kujaza upepo wa magurudumu huishiwa na hewa katikati ya kazi, rangi inatoka madoa madoa. Inatakiwa yenye tangi kubwa, na kichujio cha kuzuia maji kwenye mpira wa hewa. Nikadakia kwamba stima yetu inayumba, na mkono wa Baba Kerubo hautabeba bunduki yenye kikombe kilichojaa. Tangu siku hiyo mume wangu anajaza chupa maji, anainyoosha kwa mkono wa kushoto na kuhesabu. Amefika sitini.

Sasa niwaambie kwa nini napinga. Alipokuwa hospitalini, kaka zake walikuja nyumbani na kamba wakapima trekta. Mkubwa wao akaniambia, "Shemeji, hii utapeleka wapi? Itakuja kwangu." Mtu hajafa, tayari mali yake inagawanywa, na huku kwetu kugawa mali ya aliye hai ni kumwita kaburini. Nilikasirika sana. Nikampigia kaka yangu wa Nyamira, ambaye ana trekta la aina hiyohiyo, nikamwambia aje afungue pampu ya dizeli, pistoni na chochote kingine ambacho kikikosekana haliwezi kuondoka. Akaniuliza, "Na shemeji akipona?" Jamani, nilikuwa nimechoka. Niliwasikia madaktari, nilimwona alivyolala. Nikajibu, "Chukua tu, mwenyewe harudi."

Mwenyewe alirudi. Chini ya turubai kuna bati na magurudumu, na injini iliyobaki ganda.

Nilikuwa na tumaini na ile bunduki ndogo. Nilijua akiichukua, rangi itaharibika, atakata tamaa, nami nitapata muda. Ndiyo, nilimwombea mume wangu ashindwe. Lakini Jumapili aliniambia amechagua kompresa. "Hii ina kazi mbili. Kabla ya rangi, tutapuliza hiyo injini itoke vumbi yote, halafu fundi ajaribu kuiwasha." Fundi anakuja nayo Jumamosi, na ameahidi kumshika mkono mpaka chini. Leo ni Alhamisi.

Jumatatu nilienda Nyamira. Nilimpigia kaka yangu magoti, mimi niliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Akasema, "Dada, hizo vitu ziko Transmara, zinalima kwa trekta yangu. Nikizitoa sasa watoto watakula nini? Na si wewe ulisema mwenyewe harudi?" Nilikunywa chai ya mke wake nikarudi.

Nimewaza kumwambia mume wangu kwamba wezi waliingia, lakini atawashuku kaka zake, ambao tayari hawasemezani naye. Nimewaza kumweleza ukweli kwamba nililinda mali yake, na ni ukweli, lakini kaka yangu analimia vyuma hivyo mwaka wa pili sasa, na ataulizwa nani alimruhusu. Daktari naye alituonya kwamba presha ikimpanda tena, hatutamrudisha.

Jana jioni alinivalisha barakoa ya kuzuia rangi aliyoletewa na fundi, aone kama mpira wake umekaza. Nikiwa nayo usoni, akasema, "Ndugu zangu walikuja kupima trekta nikiwa hospitali, niliambiwa. Walinizika nikipumua. Kwa hii boma yote, ni wewe tu ulijua nitarudi."

Nikaitikia kwa kichwa.

Ndugu zangu mnaosoma, mnitukane mkitaka, lakini mnishauri kabla ya Jumamosi. Nimwambie mimi mwenyewe, au nimwache ateremke akaone?